Sadaka ya Ngomani

Kiangazi kinapotulia katika nchi ya Unyamwezi, mtama ukiisha kupurwa na kutiwa ghalani, majani ya miombo yakigeuka rangi ya shaba na kupukutika njiani, na baridi ya alfajiri ya mwezi wa Juni ikimlazimisha hata mtu mzima kuota jua ukutani kama mtoto, mkulima wa Kwihara hupata kitu ambacho masika hayamjalii kamwe, nacho ni wasaa. Jembe limetundikwa, njia ni kavu, jirani aliye ng'ambo ya mbuga, ambaye tangu Desemba alizuiliwa na tope, sasa anafikika kwa baiskeli. Katika majira haya ndipo watu huoana, hujenga, husoma maulidi wenye kuyasoma, na hucheza ngoma. Na katika majira haya haya ndipo huombana fedha. Sijapata kuona mahali ambapo mambo haya mawili, kucheza na kuchangishana, yameandamana kwa muda mrefu kama hapa, wala mahali ambapo swali litokanalo na kuandamana kwao lina haki zaidi ya kuulizwa.

Swali lenyewe niliulizwa kiangazi kilichopita, nikiwa nimeketi chini ya mwembe nje ya ukumbi wa kijiji. Ukumbi huo hauna fahari: ni wa matofali ya kuchoma na bati, sakafu yake ya saruji imefanya nyufa, na jukwaa lake halimfiki mtu magotini, lakini humo ndimo hupimwa watoto wachanga kila mwezi, humo hukaa baraza la usuluhishi, humo hufanywa arusi zisizoenea nyumbani, na humo, siku ile, kamati ilikuwa imekusanya watu wa kila dini na kila umri kwa tamasha la kutwa nzima, ili ipatikane fedha ya kuchimba kisima na kutia pampu ya mkono. Asubuhi wazee walicheza mpira na vijana. Adhuhuri kinamama walivutana kamba, Kwihara na jirani zao, hata kamba ikakatika na pande zote mbili zikaanguka kwa kicheko. Alasiri wakaingia wacheza manyanga, vibuyu vyao vya mbegu vikilia mikononi kama mvua ya kwanza juu ya bati, na miguu yao ikitimua vumbi jekundu lililopanda hata likatua juu ya majani ya mwembe. Mpita njia asingejua kwamba ile ilikuwa siku ya sadaka.

Kando yangu aliketi maalim aliyewasomesha chuoni zaidi ya nusu ya watu wazima wa mtaa ule, nami nikiwa mmoja wao. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili na kuegemeza kidevu juu yake, akitazama ngoma kwa utulivu, bila ya kukunja uso na bila ya kutabasamu. Kisha akaniinamia.

"Mwanangu," akasema, "maji haya yakitoka, yatakuwa maji ya sadaka au maji ya ngoma?"

Hakuwa akifanya mzaha, wala hakuwa akilaumu. Alikuwa akiuliza kama alivyokuwa akiuliza chuoni, ili mwanafunzi ajue kwamba hajui. Sikumjibu. Nimechukua mwaka mzima kutafuta jawabu, na haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata.

Lazima kwanza uzito wa swali uonekane, kwa maana ni rahisi kulidharau. Anayetoa shilingi mia tano mlangoni ili aingie kutazama manyanga amenunua; hakutoa. Bidhaa aliyoinunua ni furaha, na bei yake ameilipa, na kati yake na kisima hakuna kifungo cha sadaka zaidi ya kilichopo baina ya mnunuzi wa samaki na watoto wa mvuvi. Anayeinua noti kubwa juu ya kichwa chake, akazunguka nayo uwanja mzima kabla ya kuituza kwa mcheza ngoma, naye amenunua, ila bidhaa yake ni macho ya watu. Na dini zote mbili zinazoswaliwa na kusaliwa katika mji wa Tabora zimewaonya wafuasi wao juu ya mnunuzi huyu wa pili kwa ukali unaofanana ajabu. Mtume Muhammad, alipowataja watu saba watakaofunikwa na kivuli cha Mwenyezi Mungu siku isiyokuwa na kivuli kingine, alimhesabu miongoni mwao mtu atoaye sadaka kwa siri kiasi cha mkono wa kushoto kutojua uliyoyatoa mkono wa kulia. Na Injili ya Matayo yatoa mfano wa mikono ile ile miwili, na kuwakataza watoaji wasipigiwe tarumbeta mbele yao. Mfano mmoja, mikono miwili, vitabu viwili. Wanaokaa mtaa mmoja, wakachota maji katika kisima kimoja na kuzikana, wangefaa kulikumbuka jambo hili zaidi ya wanavyolikumbuka.

Basi neno hilo la tarumbeta lilinichoma. Maana ngoma ya beni, iliyotoka pwani na kuenea bara kwa njia hii hii ya reli na misafara, ni ngoma ya tarumbeta. Na hapa kwetu wazee waliochangia jambo lolote la umma walichangia kwa mlio wa tarumbeta, au wa ngoma, au wa vigelegele. Je, yote yale yalikuwa bure?

Kuhusu mchezo wenyewe sitakawia. Wapo wanaodhani kwamba furaha ni adui ya ibada, na kwamba sadaka huchafuka kwa kukaa karibu na kicheko. Lakini inajulikana kwamba Wahabeshi walicheza na mikuki yao siku ya Idi ndani ya msikiti wa Madina, na Mtume akamsitiri Bibi Aisha kwa joho lake huku akiwatazama mpaka akatosheka. Mapadri wa Bujora, karibu na Mwanza, waliona vivyo hivyo walipoikaribisha ngoma ya Wasukuma katika sikukuu ya Ekaristi, na mpaka leo vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana pale kila mwaka. Mchezo ni halali. Kilicho na shaka ni kitu chembamba zaidi ya mchezo: ni nia ya mtu anayetoa akiwa amefurahi, akitazamwa na wengine waliofurahi.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyapima mambo haya mawili, sadaka ya siri na sadaka ya dhahiri, katika kitabu chake cha Ihya, na hakuipa moja ushindi mzima. Siri humlinda mtoaji na riya, yaani kujionyesha, na humlinda mpokeaji na aibu. Dhahiri huwaamsha waliolala. Mwenye kutaka kuamua na autazame moyo wake. Hilo ni jawabu la mwanachuoni, nalo ni la haki, lakini halimtoshi mtu aliyeketi chini ya mwembe huku ngoma inalia, kwa sababu moyo wa mtu hauonekani vizuri mahali penye vumbi jingi. Ndipo nikaanza kufikiri juu ya vumbi lenyewe.

Watu wa pwani na watu wa hapa ni watani. Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana popote, hata kama hawajuani majina, wana haki ya kutukanana na kunyang'anyana vitu vidogo bila ya kukasirika, na wazee wanasema utani huu ulizaliwa katika safari za misafara, walipokuwa wapagazi wa huku wakishuka pwani wakati wa kiangazi na pembe mabegani, wakirudi na nguo na shanga. Sasa, ambaye hajaona watani kazini msibani hawezi kuelewa nitakalosema. Jeneza linainuliwa, wanawake wanalia, na ghafla mtu anajilaza njiani mbele ya wachukuzi, anajifanya ndiye maiti, na kukataa kuondoka mpaka alipwe. Mwingine anarukia kaburini na kulalamika kwamba ni fupi. Wafiwa, machozi yakiwa bado mashavuni, wanacheka, wanatafuta sarafu, wanamrushia. Naye huyo huyo aliyejilaza njiani aghalabu ndiye aliyeamka alfajiri kuchimba kaburi. Nimezikwa na watani mara tatu, kwa maana ya kwamba wamenizikia watu wangu watatu, na sijui mpaka leo nilitoa kiasi gani, wala ndugu zangu walitoa kiasi gani, wala kama yuko aliyekosa kutoa. Kicheko kilifunika hesabu.

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa sikioni. Sisi hudhani kwamba siri ni giza tu, au ukuta, au mlango uliofungwa. Lakini iko sitara nyingine, nayo ni ya mkusanyiko. Katika ngoma ya kweli mia moja husogea mbele pamoja, wanacheza, wanainama, wanaweka walichonacho katika sahani au juu ya paji la uso wa mcheza ngoma, wanarudi nyuma. Aliyeweka noti na aliyeweka sarafu wametoka katika vumbi moja na kurudi katika vumbi moja, na mkono wa kushoto wa jirani haujui uliyoyafanya mkono wa kulia wa jirani yake. Ngoma hufanya kazi ya usiku mchana kweupe. Mtoaji hupotea ndani yake. Na mtoaji akiisha kupotea, riya hukosa mahali pa kukaa, kwa maana riya haiwezi kuishi bila ya jina.

Nyumba iliyo karibu na ukumbi wetu inashuhudia jambo hili kwa namna yake. Wageni wanaokuja Kwihara hawaji kwa ajili yetu; huja kuiona tembe, ile nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa la bapa, iliyojengwa upya mahali alipokaa mwandishi Stanley na kisha mpelelezi Livingstone, na hupiga picha katika kivuli cha miembe kisha hurejea Tabora mjini kabla jua halijawa kali. Stanley alifika Juni 1871, akaondoka Septemba kumtafuta mzee Livingstone, akamkuta Ujiji, wakarejea wote wawili Februari 1872. Stanley alitumwa na gazeti la New York Herald, ambalo haja yake ilikuwa ni kusomwa. Na wakati huo huo Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London iliwachangisha Waingereza fedha, na kutuma msafara wake wa kumwokoa Livingstone, ambao ulifika Zanzibar na kuvunjika hapo hapo baada ya kusikia kwamba Mmarekani amekwisha kumwona. Zilipigwa tarumbeta za kutosha, pande zote mbili za bahari. Machi 14 Stanley aliondoka Kwihara, akamwachia mwenzake nguo, shanga na dawa, na alipofika pwani akamtumia wapagazi 57. Mzee aliwangojea kiangazi kizima katika tembe ile, mpaka Agosti 25, walipotoka pamoja kuelekea kusini. Sithubutu kusema kwamba dawa aliyoinywa ilipungua nguvu kwa sababu ilitoka kwa mwenye gazeti. Mgonjwa alipona kwayo siku zile. Lakini jina la mtoaji liliandikwa kwa herufi kubwa juu ya dunia nzima, naye mtoaji alipokea malipo yake yote, kama Injili isemavyo juu ya wapiga tarumbeta.

Mwaka uliofuata ilipita Kwihara sadaka nyingine. Livingstone alikuwa amekufa katika kijiji cha Chitambo, na watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walikuwa wameuzika moyo wake huko na kuukausha mwili wake juani, wakaubeba. Walipofika hapa, Oktoba 1873, walimkuta Luteni Cameron wa Uingereza, ambaye aliwashauri wauzike mwili papa hapa, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Hakuna aliyewaahidi kitu. Na walipofika mahali paitwapo Kasekera, watu wa huko wakakataa maiti isipite katika nchi yao, ndipo wachukuzi wakafanya hila ambayo sijui nyingine bora kuliko hiyo katika habari zote za njia hii: walifunga mabua ya mtama kwa nguo kama maiti, wakatuma kundi liurudishe huo mzigo wa uongo kuelekea Unyanyembe, huku walikotoka, kana kwamba wamekubali kuuzika, na mwili wa kweli wakaufunga upya kama mzigo wa kawaida wa nguo, ukapita katikati ya watu bila ya kutambuliwa mpaka pwani, ukafika Februari 1874. Kitu cha thamani kuliko vyote vilivyopita katika njia hii kilipita kimejificha katika umbo la bidhaa. Ninapoitazama tembe nikitokea ukumbini, huwafikiria wao zaidi ya mtu waliyembeba.

Iko pia njia ya tatu, polepole kuliko hizi, ya jina kutoweka. Katika Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam upo ukumbi wa jumuiya uliotolewa katika siku za mwisho za ukoloni na tajiri wa Kigiriki, George Arnautoglu, na jina lake likawekwa juu yake. Watu wakaingia, wakacheza dansi, wakajifunza kushona, wakafanya mikutano, wakaoana; na midomo yao ikalisaga jina lile mpaka likawa Anatoglo, neno la Kiswahili lisilo la mtu yeyote, kama vile Kariakoo lisivyokuwa tena la jeshi la wapagazi. Leo kijana akikuambia tukutane Anatoglo hana habari kwamba ametaja mtu. Naona huo ni mwisho mwema kwa mtoaji, na pengine mwema kuliko alioutaka.

Nimesema ngoma ni sitara, na lazima niseme vile vile kile kinachoivua, kwa maana nimekiona, na nilishiriki.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mji ambao sitautaja, nilihudhuria tafrija ya kuchangia jengo la watu wote. Palikuwa na viti vya kitambaa cheupe kwa waheshimiwa na mabenchi kwa sisi wengine, palikuwa na mgeni rasmi, na palikuwa na kipaza sauti. Mshereheshaji alisoma majina pamoja na viwango, akianzia juu: milioni, makofi, laki tano, makofi, na kadiri viwango vilivyoshuka makofi nayo yakashuka. Mwishoni alisimama mstaafu mmoja wa reli, mtu aliyevaa koti ingawa jua lilikuwa kali, akatoa mfukoni noti iliyokunjwa mara nne, akaikunjua polepole, akaiweka mezani. "Elfu mbili!" kikapaza kipaza sauti. "Mzee wetu elfu mbili, jamani, mpigieni makofi kabla hajabadili mawazo!" Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nilicheka. Mzee akarudi kuketi, akaiangalia mikono yake, na chakula kilipoanza kugawiwa kiti chake kilikuwa kitupu. Sikumwona tena katika shughuli yoyote ya mji ule. Jengo lilikamilika, nami nimeingia humo mara nyingi, na kila niingiapo hukumbuka kwamba kuna tofali moja ndani ya kuta zile ambalo tulimnyang'anya mwenyewe siku ile ile aliyolitoa.

Kicheko cha mtani na kicheko kile vyote viwili ni kicheko. Lakini mtani hucheka ili hesabu isionekane, na sisi tulicheka kwa sababu hesabu imeonekana. Mtani hujilaza chini. Sisi tulimlaza mwenzetu. Kwa hiyo anayesema kwamba sadaka huharibiwa na ngoma amekosea mshitakiwa. Mwenye kosa ni ile orodha isomwayo kwa sauti, ambayo humtoa kila mtu katika vumbi la wenzake, humsimamisha peke yake, na kumpima. Na aliye mzito hutoka na kiburi, na aliye mwepesi hutoka na aibu, na wote wawili wamepotewa na sadaka zao, mmoja kwa kulipwa na mwingine kwa kudhalilishwa.

Maalim, nilipomweleza fikira hii siku nyingine barazani kwake, alinipinga mara moja, na kwa haki. Fedha ya umma ni amana, alisema, na amana isiyotangazwa ni mlango wa khiyana. Nani hajui kamati ambazo zilikusanya gizani na kula gizani? Kisha akanikumbusha habari ya watu wa Mudhar, waliofika Madina wakiwa uchi kwa umaskini, na uso wa Mtume ukabadilika kwa kuwaona. Akawahutubia watu, na Ansari mmoja akaja na mfuko mzito hata mkono wake ukakaribia kushindwa kuubeba, na watu walipomwona wakafuatana, mpaka pakawa na chungu mbili, ya chakula na ya nguo, na uso wa Mtume ukang'aa. "Je," akaniuliza, "kama yule Ansari angengoja usiku uingie?"

Hoja hii ni nzito, na nimeibeba kwa muda mrefu kuliko nyingine zote. Jawabu langu ni kwamba katika habari ile hakuna aliyeuliza jina. Watu waliuona mfuko, waliiona chungu ikikua, hawakusomewa orodha. Na Wakristo wanayo habari inayokwenda nayo bega kwa bega: Yesu aliketi mbele ya sanduku la hazina hekaluni, akitazama watu wakitia, akamwona mjane akitia sarafu mbili ndogo, akawaita wanafunzi wake na kuwaambia habari zake. Kiasi cha sadaka ile kimejulikana na dunia nzima kwa karne ishirini, kimehesabiwa mpaka sarafu ya mwisho. Jina la mjane halikutajwa, wala hakuna ajuaye. Kwa hiyo yawezekana kukitangaza kitu na kumsitiri mtu. Hesabu ni haki ya umma. Jina ni la mtu na Mola wake. Kamati yetu ya kisima ilikuwa na ubao mweusi wa shule uliotundikwa mlangoni mwa ukumbi, na kila nusu saa katibu aliandika kwa chaki jumla iliyopatikana, akafuta ya zamani, akaandika mpya. Watu waliupita ubao ule, wakausoma, wengine wakarudi ndani na kutoa tena. Haukuwa na jina hata moja.

Nilikuwa nimeuona ubao huo kwa macho yangu siku ile ile niliyoulizwa swali, ila sikujua kwamba umejibu. Na kulikuwa na jambo jingine nililoliona.

Jua lilipoanza kuinama, manyanga yakanyamaza, mnada ukaanza. Waliuza jogoo, waliuza mche wa mwembe uliopandikizwa, waliuza mtungi wa asali ya nyuki wa porini. Kisha akaja bibi mmoja na kapu dogo la ukindu lililofunikwa kanga, akapita katikati ya watu kwa hatua fupi, akaliweka juu ya jukwaa. Yalikuwa matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani hata vikawa vigumu na rangi ya kaharabu. Wenyeji husema kwamba jina la Tabora lenyewe latokana na chakula hicho, kwa kuwa hicho ndicho kilichouzwa kwa misafara. Ni masurufu ya safari, hayaozi, na hushibisha kwa maji tu.

Kijana mwenye kipaza sauti akainama kwa adabu. "Shikamoo, bibi. Nitangaze sadaka ya nani?"

"Marahaba. Jina liache, mwanangu," akasema bibi. "Taja viazi."

Akataja viazi. Mwalimu mmoja akafungua mnada kwa elfu moja, akalipa, akapewa kapu, akalirudisha jukwaani liuzwe tena. Mchungaji wa Kimoravia akalinunua, akalirudisha. Madereva wa bodaboda wakachangishana papo hapo, wakibishana kwa sauti, wakalinunua wakiwa kumi, wakalirudisha. Kinamama waliovuta kamba wakalinunua. Mara ya tano au ya sita sikuweza tena kuhesabu, maana watu walikuwa wamesimama wote, ngoma imerudi kulia bila ya kuitwa, na kapu likawa linapita kutoka mkono hata mkono juu ya vichwa, na fedha zinatupwa katika beseni na mikono isiyokuwa na nyuso. Nikamtafuta bibi yule kwa macho. Alikuwa ameketi kwenye mkeka miongoni mwa wenzake, akipiga makofi kwa mapigo ya ngoma, akilitazama kapu kana kwamba halikutoka kwake.

Nilipogeuka, Maalim alikuwa ameinua fimbo yake. Katibu akamwona, akaja na beseni, na Maalim akatia mkono kanzuni na kuutoa umefumbwa, akautia ndani ya beseni chini kabisa, chini ya noti za wengine, na kuufumbua humo. Kapu likaletwa mbele yake. Akaondoa kanga, akaikunja vizuri ili irudishwe kwa mwenyewe, kisha akawaita watoto, na watoto wakaja kwa wingi kuliko viazi, wakavunjiana vipande. Mmoja, mtoto wa kike wa miaka mitano hivi, aliyekuwa na vumbi la manyanga mpaka kwenye kope, akarudi na kumletea Maalim nusu ya alichopata. Akakipokea kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akakitafuna polepole kwa upande uliobakiwa na meno, akitazama mlangoni, ambapo katibu alikuwa akifuta ubao.